Dirisha la Tatu

Mlangoni kijana aliniambia, kwa adabu zake zote,
"Shangazi, hapa hatupokei taslimu."
Nilicheka hata miwani ikateleza.
Makumbusho ya pesa, na pesa hayazitaki!
Mjukuu wangu Hilali akaitoa simu yangu mkobani,
akabonyeza, ikalia, tukaruhusiwa.

Jengo nalijua. Ngazi hizi za Barabara ya Nkrumah
nimezipanda miaka ishirini na sita,
viatu mkononi siku za mvua.

Chumba cha kwanza, kauri ndani ya bakuli,
reale za fedha, rupia,
na zile senti zenye tundu.
"Mbona zimetobolewa, nyanya?"
Zitungwe, nikamwambia. Mamangu alizitia uzi wa katani
akazivaa kiunoni pamoja na utunda;
akipita ukumbini, kwa mlio tu
tulijua kama leo kuna sukari.

Chumba cha pili, kamba nyekundu,
na nyuma ya kamba
dirisha langu.
Ukingo wa mti ulioliwa na viwiko vyangu.
Mhuri umekwama Julai fulani nisiyoikumbuka.
Na kisahani cha sifongo, kikavu kama ulimi wa mgonjwa,
kimeandikiwa: *Kifaa cha keshia. Matumizi hayajulikani vyema.*

Hayajulikani!
Nimevilowesha vidole hapo
nikihesabu noti za watu mpaka alama zikafutika;
juzi mashine ya vitambulisho ilikataa kunitambua.

Ndani ya kioo, kitabu cha akiba.
Ngao Mwadzombo, hamali, Shimanzi.
Kila tarehe tano alikuja, na hakuja kutoa.
"Nionyeshe," alisema, "kisha uzirudishe."
Nikamtandazia zote mezani, moja moja,
akazitazama kama mtu atazamaye watoto waliolala,
akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.
Bwana Fonseka, meneja, alinikanya: benki si sinema.
Niliendelea kila Fonseka alipokwenda chai.

Kisha tarehe tano moja Ngao hakuja.
Wala iliyofuata.
Nilipeleka fomu juu, zikakaa juu.

Kitabu kimefunguliwa ukurasa wa mwisho.
Mia nne na kumi na mbili, senti thelathini.
Mwandiko ni wangu, ile mbili yenye mkia.

"Pesa zake ziko wapi sasa?" Hilali akauliza.
Mimi niliyejibu kila mtu kwa upole, foleni ikifika barabarani,
nikajitia kuifuta miwani.

Nje jua lilikuwa kali, muuza mabuyu kavuka kwetu.
Nikafungua pindo la leso,
benki ambayo mle ndani hawakuiweka,
nikampa mtoto noti tatu za hamsini zenye joto la mwili.
Akazikunja upesi, tayari kukimbia.

Nikamshika mkono.
Sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya zamani, ya kazini:
"Hesabu kwanza, kabla hujaondoka dirishani."