Duara la Chini

Sekunde nne, Odera amesema.
Ukoo mzima uote kwa sekunde nne,
kutoka kwa mababu wa Mwingi
hadi jino moja lililookotwa kando ya Mto Ngong,
kisha muziki uzame.
Kipindi cha tatu, tukio la mwisho.

Nimeketi ghorofa ya tano, Ngara.
Chini yangu wanauza vioo vya simu,
jenereta ya jirani inakohoa.
Ninachora damu isiyo nyekundu.
Nyekundu nimeikataa: wataalamu walipima vinasaba,
si kidonda.
Nimechagua rangi ya udongo wa Kangundo
mvua ya kwanza ikishapita.

Mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina:
lugha ilikuwa imeshanichorea ngazi
kabla programu hii haijabuniwa.
Kila jina duara lake,
kila ndoa mstari,
na kila aliyefutika kwenye daftari la chifu
duara tupu linalopumua kidogo,
fremu kumi na mbili ndani, kumi na mbili nje.

Binamu wa mbali alitema mate kichupani
huko ughaibuni, kwa udadisi tu.
Hajui mate yale yalifungua jalada
lililolala miaka kumi na tisa
likiwa na nambari pahali pa jina.

Mlango, ndivyo tunavyoliita tawi la ukoo.
Nimechora milango ishirini na sita.
Wachunguzi walibisha yote.
Mmoja tu ulisema karibu.

Jana alikuja Kavinya, dada yake.
Hakutaka chai. Alishika mkoba kwa mikono miwili
akatazama ukoo wao ukimwagika kwenye skrini,
juu kwenda chini, kama maji ya mfereji,
mpaka duara la mwisho, nilipoandika
Musembi
kwa herufi nyembamba nilizodhani zina heshima.

"Mbona mmemweka chini kabisa?"

Nikaeleza: ndivyo nasaba inavyochorwa,
wazee juu, watoto chini, desturi ya kazi.
Aliitikia kwa kichwa, kama anayemsikiliza karani.
"Chini amekaa vya kutosha," akasema.
"Kwetu mtoto hubebwa."

Usiku huu nageuza kila kitu.
Mistari mia mbili na mitatu, mmoja mmoja,
maana ukipindua picha yote kwa mkupuo
majina nayo husimama kichwa chini miguu juu.
Umeme umekatika mara mbili. Mara ya pili
nilipoteza mlango wa kina Nzuki, nikaanza upya.
Odera amepiga simu: tarehe, bajeti,
watazamaji watachanganyikiwa.
Watazamaji wamewahi kuona mti, nikamwambia.

Sasa mababu wako chini, wameinama,
mgongo juu ya mgongo,
na mstari unapanda. Nimeuondolea ulaini wa kompyuta,
unatetemeka kama mkono
unaompokea mtoto aliyelala.
Sekunde nne. Tano.
Kumi na moja.

Saa kumi alfajiri, faili bado inajipika,
asilimia tisini na mbili.
Muziki sijaweka.