Kisahani cha Bati

Fundi Shemboza aliinunua kwa bei ya vyuma chakavu
klabu ya shamba la mkonge ilipofungwa, kule njia ya Pongwe.
Ikaja Ngamiani kwa mkokoteni, miguu juu,
kama kitanda kinachohama.
Miezi saba aliihangaikia kwa waya, sandipepa, lehemu,
mpira wa baiskeli ukakatwa kuzungushiwa kuta zake.
Jana akaniita: "Bi Mwanamkasi, njoo uonje."

Nilifika na kapu langu la dagaa.

Kwanza, kioo.
Mwanamke wa rangi ya waridi amepanda farasi,
nyuma yake milima ambayo si Usambara,
shavu limebanduka, mende wamepita hapo.
Juu, namba zimesimama: mia nne na thelathini.
Za mtu wa mwisho kucheza. Sijui nani.
Labda karani. Labda mke wa meneja,
mchana wa mvua, hana la kufanya.

Shilingi za leo haziingii.
Fundi amekata visahani vya bati la paa,
akanitilia viwili kiganjani, bado vina joto la tupa.
Kimoja kikatumbukia, kikashuka, kama kinatafakari,
na zile mia nne na thelathini zikajikunja, krrr, hadi sifuri.
Nilimfuta mtu kabla sijagusa kitu.

Halafu kengele.

Jamani, kengele ile.
Miaka ishirini na sita nilikaa mbele ya ubao wa simu, Posta,
plagi mkononi,
Korogwe ikiwaka huku, Muheza ikiwaka kule,
"Subiri, naunganisha."
Ubao wenyewe waliung'oa Jumanne moja
na hakuna aliyeniuliza kama nataka hata plagi.

Nikavuta mchi wenye springi, nikaachia.
Gololi ikapanda, ikazunguka kileleni, ikasita
kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba,
ikashuka, ti, ti, ngriii,
taa hii, taa ile,
namba zikageuka kak, kak,
na vidole vyangu vikasahau kuwa nina wajukuu tisa.
Viwili tu vinafanya kazi. Kushoto. Kulia.
Vikono vyake, vifupi kama ndimi za viatu,
vikainuka nimeshachelewa,
na gololi ikapita katikati, polepole,
ikiniangalia.

Hiyo ndiyo iliyoniuma.
Haikuwa mbali. Ilikuwa baina ya mikono yangu.

Ya pili niliidaka! Nikapiga kelele
mpaka muuza mihogo akaacha karai lake, akachungulia,
"Mpige huyo! Asitoke!" kana kwamba ni nyoka.
Ikaelekea kule kule katikati.
Nikaisukuma mashine kwa nyonga,
ndiyo, kwa nyonga, kama ngomani,
taa zote zikafa.
Vikono vikalegea.

"Imesusa," akasema Fundi. "Haitaki kulazimishwa.
Ndani kuna timazi inaning'inia, ikitikiswa, basi."
Nikamwambia, mume wangu wa kwanza naye
alikuwa na timazi.

Akachomoa umeme. Mia tatu na kumi zikabaki palepale,
zimesimama gizani, hazihitaji umeme kukaa.
Aliye na kisahani aje azifute.
Kimoja nimekifunga kwenye pindo la kanga.

Nje, paka wa jirani alikuwa kwenye kapu,
dagaa robo wamebaki,
naye hakuona sababu ya kukimbia.