Chumba cha Chini, Kigogo

Walipoiinua barabara, nyumba yetu ikazama.
Haikuzama kweli; lami ndiyo iliyopanda,
kifusi juu ya kifusi, shindilia, pita,
mpaka kizingiti cha chumba cha mbele
kikawa ngazi tatu chini ya nyayo za wapita njia.
Duka likafa. Nani ashuke shimoni kununua sukari?
Chumba kikapewa jina jipya: stoo.

Na stoo haina mwenyewe.
Ni pa kuwekea neno "nitapitia".

Hamdani alileta godoro, akaenda Dodoma kikazi,
"Shangazi, wiki mbili tu." Mwaka wa sita huu;
panya wamezaliana humo hadi wameoza mabinti.
Siwema aliacha viti vya plastiki vya harusi.
Ndoa imeshavunjika, viti vizima.
Mpangaji Ngonyani aliondoka usiku, kodi ya miezi minne,
akaacha sanduku la bati lenye kufuli,
kama dhamana, au kama tusi.
Na Mikidadi, mume wangu, asiyetupa hata kizibo:
feni tatu zisizo na mapanga, pasi ya mkaa,
betri ya gari tulilokwisha kuliuza.
"Vitafaa," husema.
Kufaa kwenyewe hakujafika.

Nilistaafu kiwandani mwezi wa tatu.
Miaka thelathini na moja nikisikiliza mashine za watu.
Siku ya nne nyumbani nikasema mezani:
nakitaka kile chumba.
"Cha nini?"
"Cha randa."
Akacheka hadi chai ikampalia.

Baba alikuwa fundi wa vitanda, Keko.
Kaka zangu aliwapa msumeno, mimi ndoo ya maji.
Lakini macho hayana pazia:
niliona ubao unavyosomwa kabla haujaguswa,
mshipa wake, kinyongo chake,
mahali utakapokataa.

Nikapiga simu. Kila mtu mwisho Jumapili.
Hamdani akasema, "Lichome tu, Shangazi."
Siwema alinyamaza muda mrefu, kisha: "Uza."
Mama ntilie wa kona akachukua viti kumi na vinne.
Mnunua vyuma chakavu akaja na mizani yake mwongo,
tukagombana hadi jua likahama ukuta,
akaondoka na feni.
Mikidadi akizunguka mlangoni kama kuku aliyeibiwa mayai,
akaokoa kitu kimoja: pasi, ya mama yake.
Nikamwachia. Iko kazini sasa, inakandamiza gundi.

Ukuta ulipobaki mtupu, ukatoa mstari wa kahawia,
usawa wa kiuno changu. Maji ya mwaka ule.
Sikuupaka chokaa.
Rafu zote nimezipigilia juu yake:
patasi, tupa, timazi, msasa kwa namba zake,
misumari kwenye makopo ya maziwa.
Chini ya mstari, vitu vinavyojua kuogelea.

Sanduku la Ngonyani nililiacha la mwisho.
Nikamwita mjumbe awe shahidi, tukakata kufuli.
Tulidhani nguo. Zilikuwa kalibu za mbao za kushonea viatu,
jozi tisa, zote za miguu ya watoto,
zimeng'aa kwa kushikwa.
Mtu aliyetuambia analinda ghala la saruji.
Mjumbe akasema, uza, ufidie kodi yako.
Nimelifunga kwa kamba, nimeliweka rafu ya juu.
Yeye hakusema atapitia.

Dirishani sasa naona miguu tu:
kandambili, viatu vya shule, gurudumu la toroli la mihogo.
Vumbi la mninga linanikaa nywele.

Kigoda cha kwanza nimekimaliza jana.
Mikidadi kashuka ngazi tatu, hakubisha hodi,
akakalia, akaenda kushoto, akarudi kulia.
"Kinayumba."
"Najua. Tulia hapo hapo,
nione ni mguu gani."