Mtundika Namba

Mimi Dorinel, wa ngazi ya chuma,
mtundika namba, uwanja wa reli, Bukaresti.
Namba zangu ni za mbao, zimepakwa rangi nyeupe.
Nne imepinda mguu tangu shemeji aipake amelewa,
na nane ziko mbili tu. Ya tatu iliibwa
mwaka ule Wajojia walipotufunga
hadi nikakosa cha kutundika.

Juni hii wamekuja tena, mataifa sita
ya meza ya nyuma.
Karamuni kuna meza ya mbele, wanapokaa wenye minofu,
na kuna ile ya karibu na mlango wa jikoni:
unanusa kila sahani ikipita
kwenda kwa wengine.
Ndiyo yetu. Tumekaa. Tumekunja mikono ya mashati.

Mvua. Watazamaji mia na arobaini na mmoja,
nimewahesabu, pamoja na mbwa wa Mama Zenovia
anayeuza mbegu za alizeti ndani ya koni za gazeti.
Ureno na Urugwai.
Nahodha wa Ureno, Belmiro, hung'oa watu meno huko Koimbra;
ameomba likizo bila malipo.
Eleuterio, nguzo wa Urugwai, shingo gogo la mwaloni,
huzalisha ng'ombe mashambani Takwarembo,
na mkono uleule unaoingia tumboni mwa mtamba
kumvuta ndama kwa kwato
sasa unazama skramuni
kuukamata ukosi wa mwenzake.

Skramu ikishuka, uwanja unafuka mvuke.
Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndiziumiazo;
hapa fahali ni kumi na sita
na nyasi nimezipanda mimi.
Lakini nawasamehe. Nilikuwa mle,
katikati ya safu ya mbele, timu ya reli,
nikiuvuta mpira kwa kisigino nisichokiona.
Sikio langu la kushoto lingali limekunjamana
kama jani la kabichi lililosahauliwa sufuriani.

Dakika ya sabini na tisa.
Urugwai kumi na tisa, Ureno kumi na nane.
Refa anainua mkono: penalti, ya Ureno.
Mita arobaini, upande wa kulia, upepo wa mashavuni.
Gaspar anaupanga mpira. Miaka ishirini,
ndevu bado zinabisha hodi.

Nami, Mungu anisamehe, nikaharakisha.
Mbili nimeibana kwapani,
moja nitaihamisha tu,
nikaiteremsha nane kabla ya wakati.
Ubao ukasomeka: Ureno, moja,
na kando yake msumari mtupu.

Aliinua uso kuutazama mlingoti.
Nadhani aliniona.

Mpira ulipaa vizuri. Niliusikia kabla sijauona:
mlingoti ulilia ngo!
kama sufuria iliyoangushwa usiku,
na mpira ukarudi uwanjani, mnyonge,
ukaokotwa na daktari wa ng'ombe
akaupiga teke hadi kwa Mama Zenovia.
Filimbi.

Walipanga mistari miwili wakapigiana makofi,
mabega yakitoka moshi.
Nami juu ya ngazi, nane mkononi.
Nimebeba reli begani miaka kumi na minane;
kibao kile cha nusu kilo
hakikunyanyuka.

Ngazi ikatikisika. Alikuwa anapanda,
Gaspar, na njumu zake, kwa-kwa-kwa,
matope yakidondoka kila kipago.
Nikajiandaa kutukanwa kwa Kireno.
Akasema, kwa Kiingereza kibovu kama changu:
"Nipe."

Akaitundika mwenyewe.
Tukakaa pale juu kidogo, miguu ikining'inia,
tukitafuna mbegu zangu za alizeti.
Hakulia. Alitema maganda mbali kuliko mimi.

Ile nane imekaa upande. Nimeiacha.
Kesho saa tisa ni Namibia na sisi,
na mvua, wanasema, haijamaliza.