Taya la Mninga

Stamili aliniletea askari ndani ya mfuko wa unga,
kichwa nje, miguu ndani,
kama jogoo anayepelekwa kwa wakwe.
Akamsimamisha kwenye meza ya randa, hapa Keko,
katikati ya fremu za vitanda.
"Fundi, huyu hasemi tena."

Vinyago nimeviona. Huyu sikumjua.
Koti jekundu, kamba za dhahabu kifuani,
kofia ya manyoya ndefu kama chungu kilichopinduliwa,
masharubu ya kusokotwa,
upanga mdogo kuliko kijiti cha mshikaki.
Mgongoni, chini ya nywele za sungura, mpini:
ukiubonyeza, mdomo unafunga na kilichomo kinapasuka.
Safari hii lilipasuka taya. Lilikuwa kwenye leso, vipande viwili.

"Nani kamvunja?"
"Sisi. Tulimlisha kungu."

Nikacheka mpaka Pazi akazima mashine.
Kungu! Hili la barabarani, la kupondwa kwa jiwe
ukingoni mwa mtaro, ukakosea, ukalia na kidole gumba.
Huko kwao alizoea kokwa zenye ganda la adabu.

Babake, Mwinchande, alikwenda Ujerumani ya Mashariki kusomea uchapaji,
akarudi mwaka themanini na moja
na sanduku, na koti zito ambalo hakulivaa tena, na huyu.
Ni mpanda farasi, aliwaambia.
Farasi yuko wapi?
Alibaki, alisema. Akafungulia redio.

Taya nimelichonga kwa mninga;
kwa mpingo angeonekana kanywa wino.
Meno nimeyapaka rangi iliyobaki ya mlango wa zahanati.
Lakini mninga ni mwekundu, na uso wake
mweupe kama andazi lisiloingia mafutani.
Nilichovya brashi nimfiche kiraka. Stamili akanishika mkono.
"Acha. Ionekane alitibiwa wapi."

Kisha akakaa kwenye fremu isiyo na chaga,
akasema yaliyobaki akiitazama sakafu.
Arobaini ya baba, simu iliita, namba ndefu.
Mwanamke. Kiswahili cha kukariri, neno moja moja,
kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga matofali:
"Wewe. Una. Askari?"
Ninaye.
"Mimi. Nina. Farasi."

Pazi alishika msasa, hakusugua.
Mimi nikajifanya natafuta penseli, nayo iko sikioni.

Ndege inatua Jumamosi, saa nane usiku.
Hajui apike nini. Hajui amwite nani, dada au mgeni.
Mtu mwenye paji la uso la baba, amemwona pichani,
humkaribishaje?

Alikuja na makungu matatu makavu, tujaribu.
La kwanza liliteleza, likaruka hadi kwenye kopo la gundi.
La pili, tak.
Kiini chenyewe kama ukucha wa mtoto;
tulikigawana watu watatu, kila mtu akatafuna kama amepewa nyama.
La tatu akalitia mfukoni pamoja na askari wake,
akatoka, amemkumbatia kiunoni,
amesahau chenji, elfu tano,
ipo hapa chini ya randa.