Mvua Iliyofutwa

Jina lake sitalitaja; hata jina wamelibadili.
Waijuao wanaijua: yule mwanamke na mwavuli,
kituo cha treni, barua iliyoloa,
na mvua. Mvua ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Toleo jipya lilitufika Maskati ndani ya kasha la kumetameta.
"Imesafishwa," yasema maandishi ya dhahabu.
Tukaandaa kahawa na halwa kwa Asila, kule Hail,
tukazima taa.

Mwezi wameupaka kiini cha yai.
Shela yake, ambayo shangazi Shinuna anaapa ilikuwa ya kijivu
(shangazi, kila kitu kilikuwa cha kijivu),
wameipa uwaridi.
Haya, tukasema, rangi ni rangi, huja ikachujuka.
Kisha tukafika kituoni.
Mwanamke kafungua mwavuli
chini ya mbingu kavu.
Anajipangusa uso. Anapangusa nini?
Mashine iliambiwa iondoe mikwaruzo;
ikaiona mvua, mistari myeupe, myembamba, ishukayo,
ikaifuta tone kwa tone.

Hilal ni fundi wa mabomba ya maji,
si mtu wa kulizwa na sinema.
"Jamani," akasema, "nchi hii mvua twaihesabu kwa vidole,
na hii nayo watuibie?"

Tukaanza kuisaka.

Ruwi, duka la kanda la Varghese sasa lauza vifuniko vya simu.
Kanda zake aliziuza kwa kilo, baisa mia kilo moja.
Alipoziona nyuso zetu akatupa chai bure.
Sohar, mtu alituapia anayo ya zamani.
Kumbe kairekodi ile ile mpya kwenye kanda kuukuu.
Msinicheke: tuliinunua.
Dubai tulikwenda kwa gari, saa tano barabarani,
kumkuta bwana aliyeihifadhi filamu yote kifuani
na hana hata shubiri moja ya mkanda.
Akatuigizia, sebuleni, mwanzo hadi mwisho,
treni akaipuliza kwa midomo,
mvua akaipiga kwa kucha juu ya meza.
Sijawahi kuiona vizuri kama siku ile.

Hatimaye Barka, katika gereji ya mjane
aliyetaka nafasi ya friji la samaki.
Makopo saba nyuma ya matairi,
na harufu ya siki iliyotutoa machozi.
Mawili yalikwishageuka ugoro.
La nne, tulilifungua kwa bismillahi,
lilikuwa kituo cha treni.

Miezi minne Hilal aliupangusa mkanda ule
shubiri kwa shubiri, na glovu nyeupe
alizoazima kwa mpwawe wa bendi ya polisi.
Hakuzirudisha.

Ijumaa, ukutani kwa Asila, ikanyesha.
Nywele zikamganda shavuni, barua ikavuja wino,
na sisi, watu wazima wenye mikopo ya benki,
tukashikana mikono kama watoto wa chuoni.
Lakini mstari ule unaompita jichoni,
na ule unaokatiza behewa zima,
ni mvua, au ni kucha za miaka sitini?
Hilal akausogelea ukuta, akaugusa kwa kidole.
Hakujua. Mie pia sikujua.
Kompyuta ikatuuliza, kwa adabu zake zote: nisafishe?
Asila akaifunika kwa sinia la halwa.

Wakati huo shangazi Shinuna, aliyekuwa kasinzia,
akaisikia ikipiga mabati ya kituo.
Akaruka kitini. "Nguo! Nguo zi juu ya paa!"
Tukamwambia, shangazi, ni filamu.
Akachungulia dirishani: Hail kavu,
vumbi juu ya magari, nyota tele.
Akatutazama mmoja mmoja.
Akapanda ngazi, akazianua hata hivyo.