Chupa ya Rafu ya Chini

Umeme ulikatika saa mbili na robo,
jenereta ya makumbusho ikakohoa, ikanyamaza.
Nilikuwa na kurunzi ya urujuanimno,
ile ya kukagulia noti bandia,
niliyoinunua River Road siku niliyopewa elfu moja ya uongo.
Nikaiwasha nitafute mlango.
Kabati zima likawaka.

Nge huwaka. Hilo si geni.
Hata waliolala kwenye spiriti tangu sijazaliwa
hung'aa kijani kama akrabu za saa ya marehemu baba,
na akrabu, ukiwauliza wa zamani, ni nge huyo huyo,
anayezunguka ukutani akituuma dakika.
Lakini mmoja, rafu ya chini, nyuma ya tandu,
alikuwa amefifia, na spiriti yenyewe ndiyo iliyowaka,
kana kwamba mwanga umemtoka
ukimtafuta mtu.

Lebo: Chalbi, Agosti 1974. Aliyeleta: mchungaji.
Basi. Mchungaji,
kama unavyosema: upepo.

Umeme uliporudi nikamlaza chini ya hadubini,
nikahesabu meno ya vitana vyake vya tumboni:
ishirini na tisa kushoto, ishirini na nane kulia.
Wa jangwa lile, vitabuni, hapiti ishirini na mbili.
Nikanywa chai ya chupa, imepoa.
Nikahesabu tena.
Nje, mteremko wa Museum Hill, magari yalipigiana honi
kama usiku wowote.

Siku ya tatu nikapata namba ya North Horr,
Bi Talaso Wario, muuza vocha.
"Huyo wa mchangani, mkia kama uzi?
Alimuuma kaka yangu Boru kidole cha mguu.
Boru akamtia kwenye kopo,
akampa mgeni mwenye gari,
akaulize Nairobi kama atakufa.
Gari halikurudi."
Nikauliza, je, alikufa?
"Mwaka jana. Kwa kifua.
Lakini kila gari likitimua vumbi
alikuwa anasimama."

Fomu ina nafasi moja: Mgunduzi.
Nikaandika: Boru Wario, kwa kidole cha mguu.
Mkuu wa idara, Daktari Kisilu, akakata kwa wino mwekundu,
pembeni akaweka: Tafadhali, tuwe makini.

Nimechapa fomu nyingine.
Nimeandika vilevile.
Safari hii nimeongeza ni mguu upi.